Paneli Zilizoipa Kibla Mgongo

Niliingia Likoni na paneli mbili za jua kichwani, na kabla feri haijafika ng'ambo watu watatu walikuwa wameshajitazama humo kama kioo. Mama mmoja alifunga upya mtandio wake. Kijana mmoja alikagua meno. Wa tatu, mzee wa makamo mwenye kikapu cha ndimu, aliniuliza hivyo vioo vyeusi navipeleka wapi. Nikamwambia si vioo, ni mitambo ya kutoa stima. Akainama, akatega sikio.

"Mbona haingurumi?" akauliza.

Lilikuwa swali zuri, maana mimi nimeifuata stima karibu maisha yangu yote na mara nyingi ilinguruma. Shule niliiacha darasa la saba. Mwalimu alisema maji hutiririka kuelekea chini, nikauliza basi yanapandaje mnazi hadi kwenye dafu, nikaambiwa nikae. Sikukaa. Kazi ya kwanza nilipata Changamwe, kwenye mitambo inayochoma mafuta mazito, nikisugua masizi, na hata nikiwa kanisani Jumapili mngurumo ule ulikuwa bado uko masikioni. Baadaye nikaenda Naivasha kuchimba mitaro ya mabomba ya mvuke. Huko ardhi inapumua kama sufuria ya wali iliyofunikwa vibaya. Kisha nikapanda kaskazini kabisa, kwenye nchi ya mawe, ambako mapangaboi marefu kuliko mnazi wowote yanazungushwa na upepo. Nililinda nyaya huko mpaka upepo ukaniibia kofia ya nne.

Kila mahali nilikaa hadi nilipoelewa kitu kinafanyaje kazi, halafu nyayo zikaanza kuniwasha. Paneli hizi alinipa fundi mmoja wa kaskazini alipofunga karakana yake, pamoja na inveta, yaani kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kuendeshea vyombo vya nyumbani. "Chukua," alisema. "Wasaidizi wangu wote waliniuliza chakula cha mchana saa ngapi. Wewe peke yako uliniuliza jua linaingiaje kwenye waya."

Kitu kimoja tu sijapata kukisugua, kukichimbia mtaro wala kukilinda: kinu cha nyuklia. Hakuna hata kimoja nchini. Lakini mwaka huo ndicho kilichokuwa midomoni mwa watu, maana palikuwa na mipango ya kujenga kimoja pwani, upande wetu wa kaskazini. Wengine walikingoja kama harusi, wengine kama msiba.

Dada yangu mkubwa alikuwa wa harusi.

Dada anakaa Bofu na mumewe, kwenye nyumba ya mabati yenye ua mdogo. Uani, chini ya kibanda cha makuti, ndipo ilipo friza yake, nyeupe, ndefu kama jeneza la mtu mwenye heshima. Anatengeneza barafu za ukwaju na ubuyu za vifukoni, watoto wa shule tatu wanazijua, na kina mama wanaouza samaki wanaweka kwake vikapu vyao. Siku niliyofika alikuwa ameikalia ile friza kama mtu aliyekalia sanduku la siri zake. Alizitazama paneli, akanitazama mimi.

"Umerudi na nini tena, wewe mtembezi? Mara ya mwisho ulileta kobe."

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Kobe alikula mchicha wangu wote. Hivi navyo vinakula nini?"

"Jua tu."

"Hilo liko," akasema, akanisogezea kigoda.

Ndipo akanieleza. Mwezi uliopita stima ilikuwa imepotea mara mbili, kila mara siku nzima na zaidi. Mara ya kwanza aliyeyukiwa na barafu zote. Mara ya pili samaki wa wenzake walianza kunuka, akaenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Ikitokea mara ya tatu, alisema, anaifunga friza, anaifanya kabati la nguo, na anaenda kufua kwenye majumba ya Mkomani. Alisema hivyo huku akiifuta kwa upindo wa kanga mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

"Na sasa chifu ameita baraza," akaendelea. "Jumanne, si hii ya keshokutwa, ile inayofuata. Wanakuja wataalamu kutaka maoni juu ya kile kinu. Kina mama wa barafu na samaki wamenichagua mimi niwasemee. Nimepewa dakika tatu."

"Utasema nini?"

"Nitasema wakijenge. Hata kesho. Nisikie tena stima imepotea mimi?"

Nikaanza kumwaga yote niliyoyajua. Kwamba tuna mvuke ardhini, tuna upepo, tuna jua la kutupa. Kwamba kinu cha nyuklia huchukua miaka mingi kujengwa, kuni zake zitatoka ng'ambo, na majivu yake hubaki na sumu hata wajukuu wa wajukuu wafe kwa uzee. Dada alinisikiliza akifunga vifuko vya ukwaju, fundo moja kila sentensi.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Basi malizia kwa vitendo. Baraza bado siku tisa. Leo Jumapili. Kesho nachomoa friza kwenye stima ya nguzo, unaichomeka kwenye hayo mambo yako. Barafu ikikaa jiwe mpaka siku ya baraza, nitasimama niseme jua. Ikiyeyuka, nitasema kinu, nawe utakaa kimya mbele ya watu. Utaweza hilo la pili?"

Nikasema nitaweza. Sikuwahi kuweza, lakini nilisema.

Nilifanya kazi ile kwa heshima zote. Betri ya lori nilipata kwa rafiki wa zamani Changamwe. Juu ya bafu la uani palikuwa na kipande cha paa la zege, nikaunda hapo fremu ya mbao. Namna ya kuziweka paneli nilijifunza kwenye simu, kwa video ya mzungu mmoja mwenye ndevu aliyesimama nje ya nyumba yake. Mzungu alisema: zielekeze kusini, uzisimamishe wima kidogo, ili theluji iteleze isikae juu. Akarudia mara mbili hilo la theluji, na mimi nikaandika kwenye kidaftari changu. Nikazielekeza kusini, nikazisimamisha, theluji isikae. Bofu.

Jumatatu Dada alichomoa waya wa friza ukutani, akaufunga fundo na kitambaa, kama anavyofungwa mbuzi mkorofi. Friza ikanguruma kwa stima yangu. Nikapita mtaani kifua mbele. Siku ile mambo yalikuwa shwari, kwa sababu friza ilikuwa imeshajaa baridi ya siku zilizotangulia, lakini wakati huo nilidhani ni ufundi wangu.

Jumanne saa tisa alasiri inveta ikaanza kulia kama kifaranga. Betri imekwisha. Jua lilikuwa bado linawaka, nguo kwenye kamba zimekauka zimekuwa kama mbao, lakini betri hola. Jumatano ikalia saa saba. Saa nane watoto wa shule wakarudi na vifuko mkononi.

"Mama," akasema mmoja, "hii ni juisi."

"Ni barafu."

"Imeingia mfukoni mwangu, mama. Kaptura yote ukwaju."

Dada akampa nyingine, akanigeukia, akanitilia ile iliyoyeyuka kwenye kikombe. "Kunywa ushahidi," akasema.

Nikanywa. Ilikuwa tamu, hilo ndilo lililoniuma.

Mumewe alirudi kutoka kazini tukiwa katika hali hiyo. Shemeji yangu ni mtu wa bara, mpana, mpole. Anafanya kazi kiwanda kimoja Changamwe cha kuyeyusha vyuma chakavu, na nyusi zake zimeunguzwa na joto la tanuru hata hazioti tena sawasawa. Alivua viatu, akatazama kikombe mkononi mwangu, akatazama paneli, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Shem, si ulisema jua la pwani halilali?"

"Halijalala. Sijui linaenda wapi."

Akaketi. Akawa hacheki tena. "Sikiza, bwana. Mimi sina vita na jua. Lakini wewe hujawahi kuona stima ikipotea na tanuru limejaa. Chuma kimeyeyuka, kinawaka kama machweo. Stima inaenda. Tunakimbizana kukimwaga, na kisipomwagika chote, kinaganda humo ndani. Unabaki na jiwe la chuma tumboni mwa tanuru. Wiki nzima tunalitoboa kwa nyundo. Mkeo hapa stima ikipotea, chake kinayeyuka. Changu kinaganda."

"Mke wako wewe," nikasema.

"Dada yako basi. Ninachosema, kiwanda hakiwezi kungoja wingu lipite. Kile kinu hakijui wingu. Hakijui usiku. Na moshi hakina. Wewe mwenyewe si ulisugua masizi Changamwe? Mapafu yako yanajua."

Alichosema kilikuwa kweli. Mambo mengi niliyosoma juu ya nyuklia yanakubaliana naye. Kuni kidogo sana, moto mwingi sana, mchana na usiku, bila moshi. Nikamwambia tu kuhusu uchafu wake. Akasema kila moto una majivu. Nikamwambia majivu ya jiko la Dada hayamfuati mjukuu. Akakuna nyusi ambazo hazipo.

"Hapo una pointi," akasema. "Lakini barafu imeyeyuka, shem."

Dada alikuwa anaosha vikombe. Alivipanga juu ya friza vikiwa vimefudikizwa, na nikaona ameanza kupima kwa macho friza ile inaweza kubeba nguo ngapi.

Alhamisi karibu na adhuhuri akaja muadhini wa msikiti wa mtaa wa pili. Si mzee, usimdhanie. Ni fundi cherehani wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye sindano kwenye kola ya kanzu, na ulimi mkali kuliko sindano. Alikuja kununua maji ya baridi. Akapewa maji ya uvuguvugu. Akayanywa, akashukuru, kisha akainua macho juu ya paa la bafu, akasimama vile vile na kikombe.

"Ndugu yangu," akaniambia, "hivi vitu vyako vimekosana na Mungu?"

"Kwa nini?"

"Umevipa kibla mgongo."

Sisi nyumbani ni watu wa kanisa, na nilikuwa na hasira za siku tatu. Nikamjibu, "Paneli hazisali, shehe."

"Hazisali, lakini zala jua. Na jua mwezi huu lapita upande wa kibla. Wewe umeziambia zitazame kusini. Zatazama nini huko? Mbuyu wa shule?"

Nikamwambia kuhusu mzungu wa video. Sikumtajia theluji. Muadhini akaweka kikombe chini, akanikamata mkono. "Njoo. Bado robo saa nitoe adhana."

Akanipeleka kwenye ua wa msikiti. Kando ya birika la kutawadhia palikuwa na fimbo fupi ya chuma iliyosimamishwa kwenye saruji, na sakafuni mistari ya rangi iliyofifia. Saa ya ukutani wanayo, simu wanazo, lakini muadhini aliyemtangulia alikuwa akitambua adhuhuri kwa kivuli cha ile fimbo, na huyu ameendelea kukitazama kila siku, kwa mazoea na kwa raha zake. Akanionyesha. Kivuli kilikuwa kifupi, kimelala kuelekea kusini, mgongo kwa Makka.

"Kivuli kikilala kusini, jua liko wapi?"

"Kaskazini."

"Kaskazini ndiko kibla yetu hapa, moja kwa moja. Kuanzia mwezi wa tatu hadi mwezi wa kumi kivuli cha adhuhuri chalala huku. Ikifika kaskazi na joto lake, chageuka, chalala kule. Mtoto wa madrasa ajua. Wewe mzaliwa wa hapa hapa Bofu, hukupata kutazama kivuli chako?"

Nimezunguka nchi nzima nikiuliza stima inatoka wapi. Nimesimama chini ya mapangaboi, nimechungulia mashimo ya mvuke. Na miaka yote hiyo kivuli changu kilikuwa miguuni pangu kikinijibu, sikukiuliza. Nilicheka hapo uani mpaka watu waliokuwa wakitawadha wakanitazama.

"Na huyo mzungu wako," akaongeza muadhini, "hakukosea. Kwao jua lapita kusini mwaka mzima. Amesema kweli ya kwao."

Nikakimbia. Dada alishika ngazi, nami nikang'oa fremu, nikazigeuza paneli zitazame kibla, nikazilaza karibu zilale kabisa, zikiwa na mteremko mdogo tu kama paa la banda la kuku, maji ya mvua yapate njia. Adhana ilikuwa inatoka nikiwa bado juu ya paa na msumari mdomoni. Inveta ikabadilisha mlio. Dada akaweka sikio juu ya friza.

"Inapumua tofauti," akasema.

Jambo la pili nililifikiria mwenyewe, na naomba nipewe sifa yake. Betri ya lori haiwezi kubeba friza hadi asubuhi. Lakini kwa nini tuihifadhi stima, wakati tunachotaka ni baridi? Tukaenda ufuoni, tukajaza chupa tupu kwa maji ya bahari, tukazipanga ndani ya friza. Maji ya chumvi hukawia kuganda, lakini yakishaganda, baridi yake ni kali kuliko ya barafu ya maji matamu. Mchana jua likiwa kali friza inazigandisha, jua likitua zenyewe zinaitunza friza. Nje tukaizungushia magunia tuliyoyashindilia makumbi ya nazi. Ikawa nene kama mtu wa bara aliyeambiwa Mombasa kuna baridi. Shemeji aliporudi akaipita akidhani ni mgeni.

Ijumaa barafu iligoma kuvunjika kwa meno. Jumamosi wauza samaki walirudisha vikapu. Mtoto mwenye kaptura ya ukwaju alinunua moja, akaigonga ukutani, ikalia ko! Akampa Dada heshima yake. Muadhini alikuja akanywa maji, akashika meno, akasema, "Wallahi, haya sasa ni maji," na akakataa katakata kuambiwa ahsante.

Nilianza kupanga hotuba ya Dada. Niliifanya ndefu, yenye mapangaboi na mvuke ndani yake. Dada aliniacha niseme.

Jumapili jioni upepo wa kusi ukaleta mawingu. Jumatatu ilinyesha kuanzia alfajiri, ile mvua nyembamba isiyokuwa na haraka, kutwa nzima. Nilipanda paani na kitambaa nikafuta paneli, kana kwamba wingu lilikuwa limekaa juu yake. Saa sita inveta ikalia. Chupa za bahari zilijitahidi, kwa kweli zilijitahidi. Usiku zilishika. Lakini Jumanne asubuhi, siku ya baraza, Dada alipofunua mfuniko na kutoa kifuko cha ubuyu, kilipinda mkononi mwake kama ulimi.

Tulitazamana.

"Nitakaa kimya," nikasema. Ahadi ni ahadi.

Alifikiri kidogo, akakitia kile kifuko kwenye ndoo yenye mfuniko, akavaa kanga yake mpya. "Twende," akasema. "Kukaa kimya kwenyewe nataka nikuone."

Baraza lilikuwa kwenye uwanja wa shule, chini ya turubai. Chifu alikuwa mbele, na pembeni yake wataalamu wawili. Aliyesema zaidi alikuwa mhandisi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, aliyekuja na mchoro mkubwa wa kinu. Alikieleza vizuri, nami nilimpenda kwa hilo. Hakutudharau. Alieleza namna moto unavyotoka kwenye chuma kizito bila kuni wala petroli, unavyochemsha maji, mvuke unavyozungusha mtambo. Nilikuwa na maswali kumi na moja. Nikauma mdomo.

Zamu ya kina mama ilipofika, Dada alisimama, akatoa kifuko kwenye ndoo, akakiinua juu. Kikapinda.

"Hii barafu," akasema, "imetoka kwenye jua. Jumamosi ilikuwa jiwe. Jana kumenyesha, leo iko hivi. Huyu hapa mdogo wangu ndiye mwenye jua, na leo hatasema kitu."

Watu wakacheka. Nikatazama viatu.

"Lakini mwezi uliopita barafu yangu ilitoka kwenye nguzo, na pia ilikuwa hivi. Mara mbili. Kwa hiyo nimeona jua linachoka, na nguzo inachoka. Nakuja kwako, mama mhandisi. Hicho kinu kinachoka lini?"

Mhandisi akatabasamu. Alisema hakichoki kwa wingu wala kwa usiku, ila huzimwa kwa vipindi ili kitiwe kuni mpya na kukaguliwa, na wakati huo mitambo mingine hushika zamu.

"Sawa. Na stima yake itafika kwangu kwa njia gani?"

"Kwa nyaya, mama."

"Nyaya zipi?"

Mhandisi alisita. "Hizi zilizopo. Zikiboreshwa."

Hapo uwanja mzima uligeuka bila kuambiwa. Nje ya ua wa shule, kwenye kona, imesimama nguzo ya mtaa wetu, imeinama kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. Kila mtu wa Bofu anajua ikivuma kusi stima inapotelea pale. Mhandisi naye aligeuka akaiona. Hakucheka, ila aliandika kitu.

"Basi mwezi uliopita hata mngekuwa na vinu kumi, mimi ningeyeyuka tu," Dada akasema. "Swali la mwisho, chifu ananitazamia saa. Uchafu wa hicho kinu utalala wapi?"

"Utahifadhiwa mahali salama."

"Pana jina mahali hapo?"

Mhandisi angeweza kutaja jina lolote la porini, tukaridhika. "Bado," akasema.

"Ahsante kwa kusema kweli." Dada akakirudisha kifuko ndoani. "Mume wangu anayeyusha vyuma. Anahitaji stima isiyolala, na mimi simkatazi. Lakini nasikia mvuke wa bara nao haulali, na upepo wa kule juu huvuma hata usiku. Vitu hivyo viko, vimejengwa, mdogo wangu amevichimbia mitaro. Ongezeni hivyo. Nyoosheni nguzo yetu. Tupeni na jua la mapaani, tulitumie siku lilipo. Kuhusu kinu, mimi leo sisemi ndiyo, sisemi hapana ya milele. Mtarudi mkishajua jina la mahali pa kulala uchafu wake. Mkilijua, mtanikuta hapa hapa na friza yangu."

Akaketi. Nadhani zilikuwa dakika tano, lakini chifu alikuwa amesahau saa.

Nikamnong'oneza, "Hukusema jua."

"Nawe hukusema kitu. Hongera. Haya, kula ubuyu, uko laini, unafaa kwa uzee wako."

Jioni Shemeji alisikia habari zote kabla ya kuvua viatu, maana alikuwa ameshasimuliwa njiani. "Umenitaja mbele ya watu?" akamwuliza mkewe.

"Nimekutaja kwa wema."

"Sawa. Lakini ningekuwa mimi, ningesema ndiyo." Akachukua sahani yake. "Kwa hiyo nguzo tu ndipo umenishinda."

Hawajakubaliana hadi leo, na wanakula sahani moja. Mimi mwenyewe, nikiwa na mizani mkononi, bado naona upande wangu ndio mzito zaidi. Ila siku hizi nikilala najiuliza kuhusu lile jiwe la chuma tumboni mwa tanuru, na mizani inatikisika kidogo.

Friza haikuwa kabati. Dada alifungua lile fundo, akauchomeka tena waya wa nguzo, lakini paneli hakuzishusha. Siku za jua inakula jua, siku za wingu inakula nguzo, na nguzo ikilala chupa za bahari zinashika zamu. Nguzo bado imeinama. Stima ilipotea mara mbili nikiwa bado hapo, na mara zote mbili wauza samaki walikuja kuniuliza kama kuna shida, nikawaonyesha friza ikipumua ndani ya magunia yake.

Mimi nyayo ziliniwasha mwezi wa nane. Nikavuka, nikapata kazi ya kusaidia fundi wa mabomba Kisauni, kisha nyingine ya kulinda mitumba. Mwezi wa kumi, nikiwa juu ya tangi la maji la watu, simu ikalia. Alikuwa muadhini.

"Kivuli chahama," akasema. "Leo adhuhuri hakikulala popote. Fimbo imesimama kama haina mwenyewe. Kesho kutwa kitageuka upande wa pili. Dada yako asema uje ugeuze."

"Si mngegeuza wenyewe? Ni misumari minne tu."

Nikasikia simu ikinyang'anywa. "Misumari najua kung'oa," ilikuwa sauti ya Dada. "Nimeambiwa jua hugeuka mara mbili kwa mwaka. Basi wewe nawe utarudi mara mbili kwa mwaka. Na usilete kobe."

Nilishuka kwenye tangi. Kabla sijaondoka nilisimama pale juani, nikatazama miguuni. Kivuli changu chote kilikuwa chini ya nyayo, hakuna hata kidole kilichotokeza nje. Nikavaa viatu, nikaenda kupanda feri.